Homoni za uzazi zimefuata nini kwenye ini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Kasulu. Nilipokuwa kwenye mada ya homoni, binti mmoja aliuliza: kama estrojeni na testosteroni ni za uzazi, kwenye ini zimefuata nini? Niliwahi kusoma kwamba zinabadilisha vipokezi vya homoni kwenye seli za ini, ila sikupata mahali panapoeleza zinabadilishaje, kwa hiyo nikamwahidi nitamletea jibu. Halafu nina la nyumbani. Mdogo wangu wa kike ana kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, na sasa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Nesi amemwambia kijiti hakitamkinga kama zamani. Je, ni habari hiyo hiyo ya vipokezi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. La mdogo wako haliwezi kusubiri, basi nilitaje kwanza: nesi amesema kweli. Dawa za kifua kikuu asiache hata siku moja, na kuanzia leo atumie kinga nyingine juu ya kile kijiti. Sababu yake nitaifikia, maana ndiyo, ni habari ya vipokezi.

Sasa binti yako. Ningependa umwanzishie kwa kuku.

Mimi nimelelewa Ujiji, na somo langu la kwanza la ini nililipata jikoni kwa bibi, siku za sikukuu kuku watatu wanne wakichinjwa kwa pamoja. Bibi aliyatoa maini akayapanga kwenye sinia, na ingawa kuku walikuwa wameshanyonyolewa na vichwa vimetupwa, alikuwa akinyooshea kidole: hili la jogoo, hili la mtetea. La jogoo lilikuwa dogo, rangi ya damu ya mzee, limekaza ukilibonyeza. La mtetea anayetaga lilikuwa kubwa, la manjano-manjano, laini kiasi cha kuchanika mkononi, na kisu kikipita kilitoka na mafuta. Hakuwahi kukosea.

Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba bibi alikuwa akisoma kazi ya estrojeni. Kiini cha yai hakitengenezwi kwenye ovari. Protini yake kubwa, iitwayo vitelojenini, pamoja na mafuta yake mengi, hutengenezwa kwenye ini, ikapakiwa kwenye damu na kupelekwa ovari. Mtetea anapokomaa, ovari hutoa estrojeni, nayo estrojeni huliambia ini lianze kazi. Samaki ni vivyo hivyo: mgebuka jike ukimpasua ukamkuta amejaa mayai, ujue ini lake ndilo lililoyanenepesha.

Ajabu ni kwamba jogoo naye anayo jeni ya vitelojenini. Imelala tu. Ukimdunga estrojeni, baada ya muda mfupi damu yake inajaa protini ya kiini cha yai, wakati hana yai wala pa kuliweka. Ukimwacha mpaka protini hiyo iishe kabisa, ukamdunga tena baada ya wiki kadhaa, ini linaitika haraka kuliko mara ya kwanza, kana kwamba linakumbuka. Katika miaka ya 1990, watafiti Uingereza walikuta samaki madume wa mitoni wenye vitelojenini kwenye damu, chini ya mahali maji taka ya miji yanapomwagwa. Estrojeni iliyotoka kwenye mikojo ya watu, ikiwemo ya vidonge vya majira, ilikuwa imewafikia.

Kwa nini mara ya pili iwe haraka? Hapo ndipo vipokezi vinapoingia.

Nenda Kibirizi asubuhi boti zinapofika. Boti mbili zina mzigo ule ule, lakini moja inasubiriwa na wachukuzi kumi na nyingine wawili. Mzigo utakaofika sokoni kabla ya jua kuwa kali hautategemea ukubwa wa boti peke yake. Homoni ndiyo boti, kipokezi ndicho mchukuzi. Homoni ikiwa nyingi kiasi gani, seli isiyo na vipokezi vyake haipati kitu. Homoni za uzazi zina asili ya mafuta, hivyo hupenya utando wa seli na kukutana na vipokezi vyake ndani. Vikishikana, huenda kukaa juu ya DNA na kuwasha jeni. Homoni za protini, kama insulini, prolaktini na homoni ya ukuaji, haziwezi kupenya. Hizo hupokelewa mlangoni, kwenye utando wa seli.

Vitabu vyetu vya shule huchora kipokezi kama kitu kilichojengewa pale, hakiongezeki wala hakipungui. Naomba hapo usimame na wanafunzi wako hata kwa kipindi kizima. Kipokezi ni protini. Kinatengenezwa, kinatumika, kinavunjwa, na idadi yake kwenye seli moja hupanda na kushuka kwa siku, hata kwa saa. Kwa vyura wa Xenopus, ambao wamechunguzwa sana kwa jambo hili, moja ya jeni ambazo estrojeni huwasha kwenye ini ni jeni ya kipokezi cha estrojeni chenyewe. Boti ya kwanza inaajiri wachukuzi wa boti ya pili. Hiyo ni njia ya kwanza ambayo homoni ya uzazi hubadilisha vipokezi kwenye seli ya ini: inaongeza vya kwake yenyewe.

Njia ya pili ndiyo nadhani uliyoisoma, nayo inahusu vipokezi vya homoni nyingine. Mwaka 1974 watafiti watatu Kanada, Posner, Kelly na Friesen, walipima uwezo wa maini ya panya kushika prolaktini, homoni inayojulikana zaidi kwa maziwa. Ini la panya jike lilishika nyingi, la mwenye mimba zaidi, la dume kidogo mno. Dume akipewa estrojeni kwa siku kadhaa, ini lake linaota vipokezi vya prolaktini kama la jike. Mpaka hapo unaweza kusema estrojeni imeingia kwenye seli, imewasha jeni ya kipokezi cha prolaktini, basi. Lakini walipoiondoa tezi ya pituitari, ile iliyoning'inia chini ya ubongo, estrojeni haikufua dafu tena. Estrojeni ipo, ini lipo, vipokezi havitoki. Kumbe kulikuwa na mtu wa kati.

Ilichukua miaka kumthibitisha, na naona hii ni kati ya kazi nzuri zaidi zilizowahi kufanywa juu ya ini. Mtu wa kati ni homoni ya ukuaji, na kinacholitofautisha jike na dume si wingi wake tu bali mpangilio wa kutoka kwake. Panya dume huitoa kwa vishindo, kimoja kila baada ya saa tatu hivi, na kati ya kishindo na kishindo damu inakuwa karibu haina kitu. Jike huitoa mfululizo, haipandi sana wala haikatiki. Ngoma ni ile ile, mdundo ndio tofauti, na ini linacheza kwa kufuata mdundo. Panya dume akiwekewa kifaa cha kumdondoshea homoni ya ukuaji bila kukatika, ini lake hugeuka la kike: vipokezi vya prolaktini vinapanda, vimeng'enya vya kuvunjia dawa vinabadilika. Hakuguswa ovari wala korodani. Umebadilisha mdundo tu. Mwaka 1984 Norstedt na Palmiter walionyesha jambo la namna hiyo hiyo kwa panya wadogo wa maabara.

Na nani anayepanga mdundo? Testosteroni. Siku chache baada ya panya dume kuzaliwa, testosteroni yake huupanga ubongo namna utakavyoitoa homoni ya ukuaji atakapokua. Kwa hiyo mwambie binti hivi: homoni za uzazi mara nyingi haziliendei ini mlangoni kwake. Zinauendea ubongo, ubongo unabadilisha mdundo wa pituitari, na pituitari ndiyo inayoliambia ini liwe na vipokezi vingapi vya nini.

Binadamu si panya, na hili ulisisitize darasani. Kwetu tofauti ya mdundo kati ya mwanamke na mwanaume ipo ila si kubwa kama ya panya. Hata hivyo ini la mwanamke kwa wastani lina zaidi ya kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, kinachovunja dawa nyingi tunazotumia. Kikumbuke hicho kimeng'enya, kitarudi tutakapofika kwa mdogo wako.

Kwa binadamu jambo linaloonekana wazi zaidi ni njia ya tatu. Hapa vipokezi vinaweza kuwepo vyote, ila ujumbe wao unazibwa. Kulieleza nahitaji reli yetu. Mzigo ukipakiwa Dar es Salaam kuja Kigoma, lazima upite Tabora kwanza. Hakuna reli nyingine. Mwilini Tabora ni ini. Kila kinachofyonzwa kwenye utumbo huingia mshipa mmoja mkubwa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini, na karibu robo tatu ya damu inayoliingia ini hupitia mshipa huo. Kwa hiyo mwanamke akimeza kidonge cha estrojeni, ini linakutana na dozi nzito kabla viungo vingine havijaonja. Akitumia estrojeni ya kubandika kwenye ngozi, inaingia kwenye damu ya mwili mzima, na ini linapata mgao wake kama wengine.

Tofauti yake ni kubwa. Estrojeni ya kumeza ikilifikia ini kwa wingi huo, hulifanya litengeneze protini iitwayo SOCS2, ambayo huziba njia ya ujumbe ndani ya kipokezi cha homoni ya ukuaji. Mchukuzi yupo, mzigo kaupokea, ila lango la soko limefungwa. Kwa hiyo ini linatoa kidogo kile kinacholetwa na homoni ya ukuaji, yaani IGF-1, na pituitari ikiona hivyo inaongeza homoni ya ukuaji bila mafanikio makubwa. Ndiyo maana wanawake wanaotibiwa upungufu wa homoni ya ukuaji huhitaji dozi kubwa zaidi ikiwa wanameza estrojeni, na wakihamia ya kubandika dozi inashuka.

Estrojeni hiyo ya kumeza hulifanya ini litoe kwa wingi pia protini za kubeba homoni. Ikiongezeka inayobeba homoni za jinsia, testosteroni iliyo huru hupungua, na ndiyo sababu mojawapo chunusi za baadhi ya wasichana hupoa wakitumia vidonge vya majira. Ikiongezeka inayobeba homoni ya tezi ya shingo, kama inavyokuwa kwenye ujauzito, mama anayemeza dawa ya tezi hiyo huhitaji kuongezewa dozi. Protini za kugandisha damu nazo hupanda, na ndipo yanapotoka maswali ya nesi kuhusu presha, sigara na damu kuganda mguuni. Vipokezi vya kunasa chembe za kolesteroli, ambavyo si vya homoni ila vimo kwenye utando wa seli ile ile, navyo huongezeka: Kovanen, Brown na Goldstein walionyesha hivyo kwa panya mwaka 1979, kwa dozi kubwa mno za estrojeni.

Testosteroni nimeipa nafasi ndogo, lakini kuna jambo moja sitaliacha, kwa sababu homa ya ini aina ya B ipo kati yetu. Saratani ya ini huwapata wanaume mara mbili hadi tatu ya wanawake. Pombe na sigara vina sehemu yake. Lakini kirusi cha homa ya ini B, kwenye vinasaba vyake, kina mahali ambapo kipokezi cha testosteroni cha seli ya ini kinaweza kukaa na kukifanya kirusi kizaliane zaidi, wakati estrojeni huelekea kukipunguza kasi. Kirusi kimejifunza kutumia wachukuzi wa mwenye nyumba. Mzazi yeyote anayesita kumpeleka mtoto chanjo, hasa akiwa wa kiume, ningependa alijue hili.

Sasa hofu ambayo huenda wanafunzi wako wamekwisha kuisikia nyumbani: eti vidonge vya majira vinaoza ini. Ini zima lisilo na ugonjwa hupokea estrojeni, hubadilisha inachotengeneza, na ukiacha vidonge hurudi lilikotoka. Kubadilika si kuharibika. Wapo wasiopaswa kuvitumia vile vyenye estrojeni: mwenye manjano, mwenye homa ya ini iliyo kwenye makali yake, mwenye ini lililosinyaa vibaya, mwenye uvimbe kwenye ini. Uvimbe usio saratani unaweza kutokea kwa watumiaji wa vidonge hivyo, ila ni nadra.

Kuna mahali estrojeni na wenzake hulilemea ini kweli, nami nililiona kwa macho nilipokuwa nafanya kazi Tabora. Mama mmoja, mimba ya miezi minane, alikuja amebeba gunzi la mahindi kwenye mkoba wake. Alikuwa akijikunia nalo viganja na nyayo usiku kucha, mpaka ngozi imechubuka, na hakuwa na upele wowote. Alikokwenda kwanza aliambiwa ni mzio, akapewa mafuta ya kupaka. Haukuwa mzio. Kwa baadhi ya wanawake, mabaki ya estrojeni na projesteroni ya ujauzito hukaba pampu ya kutolea nyongo kwenye seli za ini, na hukivuruga kipokezi ambacho seli hutumia kupima wingi wa nyongo. Nyongo inarudi kwenye damu, ngozi inawasha. Mama atasumbuka na kupona akijifungua, lakini nyongo ikizidi sana mtoto anaweza kufia tumboni. Yule mama tulimfuatilia kwa karibu, mtoto akatoka salama. Mjamzito anayewashwa viganja na nyayo usiku bila upele asipewe mafuta akarudishwa nyumbani. Apimwe.

Haya, mdogo wako.

Kijiti hutoa homoni ya jamii ya projesteroni, kidogo kidogo, moja kwa moja kwenye damu. Utasema: basi hakipiti Tabora. Mwanzoni hakipiti, ni kweli, lakini damu inazunguka, na kila mzunguko sehemu yake inapita kwenye ini. Ndani ya seli za ini kuna kipokezi kiitwacho PXR, kilichotambuliwa mwaka 1998. Jina lake limetokana na pregnani, jamii ya steroidi ambamo projesteroni imo, kwa sababu steroidi za aina hiyo zilionekana kukiamsha. Ni ndugu wa vipokezi vya homoni za uzazi, ila kazi yake ni ulinzi: kikihisi vitu vingi vya kuvunjwa vimeingia, kinaamuru vimeng'enya viongezwe, CYP3A4 kikiwa mbele.

Rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu inayoufanya mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, inakiamsha PXR kuliko karibu dawa nyingine zote. Ini linajaza CYP3A4, na vimeng'enya hivyo havichagui. Homoni ya kijiti, iliyokuwa ikitosha kwa kiasi chake kidogo, inavunjwa kabla haijafanya kazi. Vidonge vya majira hupatwa na hali hiyo hiyo. Efavirenzi, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, nayo hupunguza nguvu ya kijiti kwa kuamsha vimeng'enya hivi, kwa hiyo nesi aambiwe kila dawa anayotumia, hata zile ambazo mtu huona aibu kuzitaja.

Afanye nini? Kijiti asikitoe kwa sababu hii peke yake kabla hajazungumza na nesi. Atumie kondomu kila mara, au aombe kinga isiyotikiswa na rifampisini. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hakiguswi. Sindano ya miezi mitatu kwa kawaida haipunguzwi nguvu na rifampisini, ila tarehe yake ya kurudia asiipitishe. Rifampisini kwa kawaida humezwa miezi sita yote ya matibabu. Siku atakayomeza kidonge cha mwisho, ini bado litakuwa limejaa vimeng'enya vilivyokwisha kutengenezwa, na huchukua karibu wiki nne kurudi kawaida. Kwa hiyo kinga ya ziada aendelee nayo kwa wiki hizo nne pia, kisha ndipo akitegemee kijiti chake tena, ikiwa muda wa kijiti chenyewe utakuwa haujaisha. Tarehe ya kukitoa imeandikwa kwenye kadi aliyopewa siku alipowekewa. Mwambie aitafute leo.